Bitana ya Bafta

Mwanangu Badru alinikataza kuuliza. Alinifuata dukani kwangu, pale sokoni Kasulu ninaposhona, akavuta kigoda, akanitazama kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa mimi, akasema, "Mama, Shadia ana mimba. Nakuomba kitu kimoja tu. Usimwulize chochote."

"Nisimwulize nini?"

"Chochote, Mama. Kala nini, kalala vipi, tumbo linauma, mtoto anacheza. Mara zile mbili mtaa mzima ulikuwa ukimwuliza kila kukicha, na mimba zilipotoka wakaendelea kumwuliza. Safari hii akitaka kusema, atasema mwenyewe."

Niliwaka! Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimelelewa kwenye nyumba iliyojaa mashangazi, na kwetu kuulizana ndiyo salamu. Mtu akikaa na wewe asikuulize kitu, ujue amekununia. Nikamwambia Badru kwamba mimi ni mama mkwe, si mpita njia, na mkamwana wangu anaishi ndani ya ua wangu, anachota maji kwenye bomba langu. Sasa nikipishana naye asubuhi nimwambie nini, habari za mvua?

"Ndiyo," Badru akasema. "Mwambie habari za mvua." Akainuka akaenda zake.

Nilinuna siku kadhaa, lakini moyoni nilijua Badru ana haki. Shadia alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya kwanza ilikuwa changa. Ya pili ilikuwa imeshaonekana, Badru ameshanunua beseni, shali na nguo za kichanga, na vyote ikabidi tuvigawe. Tangu hapo nyumba yetu ikawa na sheria: hakuna kununua, hakuna kushona, hakuna kuandaa hata soksi mpaka mtoto alie. Huku wengi hufanya hivyo hata kama hawajapatwa na jambo. Mimi si mtu wa kuamini mikosi, lakini sheria ile niliikubali, maana nilimwona Shadia siku anamkabidhi jirani lile beseni.

Basi nikanyamaza. Loh, kumbe kunyamaza ni kazi ya suluba! Asubuhi namwona anatoka chumbani kashika kiuno, swali linanijia mpaka kwenye meno. Namwambia, "Mvua ya jana ilikuwa kubwa." Ananijibu, "Kubwa kweli, Mama." Anaacha chai nusu kikombe. Nakitazama kile kikombe, nasema, "Naona na leo itanyesha." Kiangazi kikaingia, mvua zikakatika, nikawa sina hata la kusema.

Aliyeniokoa ni Anne-Marie. Huyu ni mama wa Kikongo anayeishi kambini Nyarugusu, na akipata kibali cha kutoka huja Kasulu, akapita kwangu kuchukua mabaki ya vitenge ambayo mimi ningeyatupa. Siku hiyo alinikuta napambana na shati la mwalimu mmoja, kola nimeifumua na kuishona upya na bado imepinda. Akaketi kwenye benchi, akanitazama weee, kisha akasema, "Mama Badru, mikono yako iko inatetemeka. Uko na hasira ama uko na woga?"

"Niko na mdomo," nikamwambia. "Nina mdomo, nimekatazwa kuutumia."

Nikamsimulia yote. Alicheka mwanzoni, halafu akaacha kucheka. Akafungua mfuko wake, akatoa kitu kidogo, akakiweka juu ya cherehani yangu. Kilikuwa ni blanketi la viraka, limekamilika kwa kila kitu, lina juu na chini na kati, lina pindo pande zote nne, ila lote lilienea kwenye kiganja changu na nafasi ikabaki. Viraka vyake vingine havikuzidi mbegu ya boga. Nimeshona maisha yangu yote, lakini nilikiinua kile kidude nikakisogeza kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti.

"Kila siku nashona moja," Anne-Marie akasema. "Tulianza kule kanisani, sie bamama. Kila siku moja, isipite kiganja, na mtindo wa jana haurudiwi leo. Ukiruka siku, wenzako watakucheka."

"Cha kazi gani?"

"Haina kazi. Njo maana inasaidia. Kama ingekuwa na kazi, ningewaza ile kazi." Akanirudishia shati la mwalimu mkononi. "Wewe kila siku uko na swali ya kumwuliza yule mtoto. Basi, usiulize. Shona."

Nikamwambia huo ni upuuzi wa watu wasio na wateja. Akakusanya mabaki yake, akaaga. Alipotokomea tu nikafunga duka mapema, nikaketi kutafuta vipande.

Cha kwanza kilikuwa kibaya, Mungu anisamehe. Pembe moja iliangalia Heru Juu, nyingine inaangalia Kigoma. Kushona shati ni jambo moja, kushona viraka vidogo namna ile kwa sindano ya mkono ni jambo jingine kabisa. Ukikosea kidogo tu, kila kinachofuata kinahama. Juu niliweka viraka vya vitenge, katikati kipande cha blanketi kuukuu, na chini, kwa ajili ya bitana, nikaweka bafta.

Hiyo bafta niieleze. Duka langu halikosi bafta. Waislamu wa mtaa wetu wakifiwa huja kwangu hata siku nimefunga, kwa sababu wanajua ipo na wanajua nina vipimo vya sanda kichwani. Nikishakata, hubaki vipande vya pembeni, vyeupe, visafi, vilaini. Kwangu mimi bafta ni kitambaa. Naiweka ndani ya mifuko ya sare za shule, naiweka kwenye kola, na hakuna mtu aliyewahi kunilalamikia. Kwa hiyo nilikata bafta ile bila kuwaza mara mbili.

Kesho yake nikashona cha pili, na keshokutwa kingine. Nikaanza kuamka na mtindo kichwani. Siku moja nyota, siku nyingine ngazi, siku nyingine mistari ya matuta ya mihogo kama unavyoyaona ukiwa juu mlimani. Nikawa naokota vitambaa njiani bila aibu. Anne-Marie akija tunapanga vyetu juu ya benchi tunabishana. Yeye ananishinda kwa rangi, mimi namshinda kwa pembe, na hakuna anayekubali. Mikono ikatulia. Kola zikakaa. Na nikipishana na Shadia uani naweza kumwambia "umeamkaje" nikapita zangu bila kuumwa na ulimi, maana najua swali langu nitalimalizia kwa sindano.

Nyumbani nilivificha ndani ya foronya chini ya kitanda changu. Si kwa ubaya. Niliona haya tu, fundi mzima anacheza na vitambaa kama mtoto, tena ndani ya nyumba iliyokatazwa kushona kitu kidogo chochote. Nikajiambia, hata mtu akiviona, hiki kinaweza kumfunika nani? Hakimfuniki hata mtoto wa paka.

Tumbo la Shadia likakua. Likapita mwezi ule mimba ya pili ilipotoka, ule ambao nyumba nzima tuliuogopa bila kuutaja, likaendelea. Zikabaki wiki chache. Badru akaanza kupiga mluzi anapooga. Mimi nashona.

Siku yenyewe nilikuwa dukani. Nimeanza kiblanketi cha siku ile, chekundu na cha manjano, sindano imo mkononi, Badru akaingia bila salamu. Uso wake umekuwa wa majivu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Shadia ameondoka. Amepanda gari, amekwenda kwao Kibondo. Nimempigia simu, ameniambia neno moja tu akakata." Akaitazama ile sindano. "Anasema unamshonea mwanangu sanda."

Nilitoka mbio na kiblanketi na sindano yake mkononi mpaka nyumbani, nikaingia chumbani. Shadia alikuwa akitafuta uzi mweupe wa kushonea dera lake, ndivyo nilivyokuja kujua baadaye, akaivuta ile foronya. Alikuwa amevitoa vyote akavipanga kitandani kwangu, safu kwa safu, na kila kimoja amekigeuza upande wa chini ukawa juu. Hakukuwa na nyota wala ngazi wala matuta. Kitanda kizima kilikuwa bafta.

Nikaona alichokiona. Vitambaa vya sanda, vidogo, vya kumtosha kiumbe aliyetoka kabla ya wakati wake, vimepindwa pindo vizuri, na mkwe wake ndiye aliyevishona kimyakimya na kuvificha. Nikakaa sakafuni.

Hasira ndiyo iliyotangulia, sitadanganya. Ebo! Mimi niliyemeza ulimi wangu miezi yote hiyo kwa ajili yake! Nikamfokea Badru, nikaufokea na ukuta. Halafu nikakitazama kitanda tena, hasira yote ikanitoka, nikalia mpaka Badru akaacha kunilaumu akaanza kunibembeleza.

"Nitampigia tena kesho," akasema.

"Hapokei. Nakwenda mwenyewe."

"Mama, mkwe haendi ukweni ghafla. Lazima utume mtu, upeleke habari."

"Nimejituma," nikamwambia. "Habari nitafika nayo."

Asubuhi nikapanda gari la Kibondo na foronya yangu mapajani, nikashukia mjini, nikachukua pikipiki hadi Kitahana. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipofika uani kwa Bi Tunu, mama yake Shadia, yote yakanitoka kichwani. Alikuwa anapeta maharage. Aliponiona ungo ukabaki hewani. Mama mkwe wa mwanawe, peke yake, hana mshenga, hana hata kilo ya sukari mkononi, anashuka kwenye pikipiki na foronya. Ni aibu ambayo kwa Waha itasimuliwa mpaka mazishi yangu.

"Mwiriwe, mkwe," nikamwamkia kwa Kiha chake, na mikono yangu yote miwili.

"Mwiriwe," akasema. Akanipa mikono, lakini hakunipa macho. Akanitandikia mkeka, akaniletea maji ya kunywa, akaketi mbali kidogo. Adabu yote ilikuwepo, ila ilikuwa imepoa. "Shadia hatatoka nje. Amesema hataki kukuona."

"Si lazima anione. Atanisikia. Sauti yangu unaijua."

Mlango wa chumba ulikuwa na pazia tu. Nikaukokota mkeka wangu hadi karibu na pazia lile, nikamwaga viblanketi vyote pale chini. Bi Tunu alipoona ule weupe akaweka mkono mdomoni. Nikavigeuza haraka, kimoja kimoja, upande wa rangi ukawa juu.

"Shadia, mwanangu," nikasema. "Mumeo alinikataza kukuuliza maswali. Wewe unanijua, bila kuuliza mimi nitapasuka. Kila siku nilipotaka kukuuliza kitu, nilishona kimoja cha hivi. Hiyo ndiyo kazi yake, hakina kazi nyingine. Ile bafta ni bitana tu. Ni mabaki. Sikuwaza, wallahi sikuwaza, na hilo ni kosa la kichwa changu, si la moyo wangu."

Pazia halikutikisika. Nikaona nikiacha kusema nitakuwa nimemaliza safari, kwa hiyo nikachukua cha karibu nikakiinua, ingawa hanioni.

"Hiki hapa, cha bluu na njano. Siku ile uliacha chai nusu kikombe. Nilitaka kukuuliza, kichefuchefu, au Badru amekuudhi?"

Nikachukua kingine.

"Hiki cha kijani. Ulitoka kliniki ukapita moja kwa moja chumbani ukafunga mlango. Nilitaka kukuuliza walikwambia nini. Usiku huo sikula. Hiki chenye ngazi, ulikuwa unashuka na ndoo ya maji, nilitaka kukuuliza umetumwa na nani kubeba ndoo, na huyo aliyekutuma nikamshughulikie. Hiki—"

"Chai ilikuwa na moshi," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Mimi na Bi Tunu tukatazamana.

"Ilikuwa na moshi?"

"Ulichochea kuni mbichi, Mama. Kila siku chai yako ina moshi."

Astaghfirullah! Siku nyingine ningejibu. Nikasema, "Haya, nimekubali. Na kliniki?"

"Walisema damu imepungua. Wakanipa vidonge. Sasa iko sawa." Kisha akaongeza, "Ndoo nilijituma mwenyewe."

Nikasogea zaidi. Nikachukua kile chekundu chenye maua. "Na hiki, siku ile ulikuwa unaanika nguo peke yako uani, ukacheka. Hakuna mtu karibu, unacheka tu na shuka mkononi. Nilikuwa dirishani. Nilitaka kufa kwa kutaka kujua ulikuwa unacheka nini."

Alipojibu, sauti yake ilikuwa imelowa. "Ndipo alipocheza mara ya kwanza."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza, Mama! Nilikuja kukuambia, ukaniambia siku hizi kuna vumbi. Kila siku mvua, kila siku vumbi. Nikadhani umeshakata tamaa na huyu mtoto. Nikadhani wote mmeshakata tamaa, mnanisubiri mimi tu. Halafu nikakuta vile vitu chini ya kitanda."

Miezi yote nilidhani nampumzisha, kumbe yeye alikuwa anakaa peke yake na mtoto wake ndani ya nyumba yenye watu. Bi Tunu alikuwa amesogea pia, amekaa kwenye mkeka wangu, bega lake limegusa langu. Akakiokota kiblanketi kimoja akakipapasa, akasema polepole, "Kumbe ni hivi."

"Nani alikwambia mimi sitaki kuulizwa?" Shadia akasema.

"Mumeo."

"Hakuniuliza mimi."

"Basi nikirudi nitamshonea yeye hiyo sanda," nikasema, na nikasikia kicheko kidogo nyuma ya pazia. Kilikuwa kidogo sana, lakini kilinishusha mzigo wote wa safari.

Nikataka kukusanya vitu vyangu sasa, niombe ruhusa, nimwache apumzike. Mkononi nikakuta kile cha mwisho, ambacho sindano bado imo.

"Na hiki sikukimaliza," nikasema. "Ni cha jana asubuhi, kabla Badru hajaja. Nilitaka tu kukuuliza kama mtoto anacheza vizuri."

Nikangoja. Hakujibu. Nilidhani analia, nikampa muda. Halafu nikasema, "Shadia?"

Pazia likafunguka. Alikuwa amesimama kashika tumbo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. "Mama, tangu niliposhuka kwenye gari jana hajacheza."

"Hajacheza kabisa?"

"Nilidhani amelala. Nilidhani ni uchovu. Asubuhi nikajua si uchovu." Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. "Niliogopa kusema. Nikisema itakuwa kweli."

Sikuuliza swali jingine. Nilisimama, nikatoka nje nikapiga kelele zile ambazo Badru huniambia nizipunguze. Jirani wa Bi Tunu, bwana mmoja aitwaye Pasikali, alikuwa anapakia magunia ya maharage kwenye gari lake dogo. Nikamwambia ashushe. Akaanza kunieleza kuhusu mteja wake. Nikalishika gunia la kwanza mwenyewe nikalivuta likaanguka chini, na baada ya hapo alishusha mengine bila maelezo. Tukamlaza Shadia kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama yake, mimi mbele, tukashuka Kibondo hospitali. Njiani nilimpigia Badru nikamwambia njoo, nikakata, maana nilijua atauliza na mimi sina jibu.

Nesi aliyempokea hakutufukuza. Akamlaza Shadia, akachukua kile chombo chao cha kusikilizia, kinachofanana na kombe dogo, akakiweka tumboni, akainamisha sikio. Akasikiliza. Akakihamisha upande mwingine. Akasikiliza tena. Akakihamisha tena. Nimefiwa na mume, nimefiwa na wazazi, lakini sijawahi kukaa mahali palipokuwa na ukimya kama ule. Bi Tunu alikuwa amenishika kiganja, kucha zake zimeingia, na mimi namwachia.

Nesi akasimamisha mkono mahali pamoja. Hakuuhamisha.

"Yupo," akasema.

Mimi ndiye niliyelia kwa sauti, siyo Shadia. Lakini nesi alikuwa anaendelea kusikiliza na uso wake haukufunguka, akasema mapigo ya moyo yako chini, mtoto amechoka, akatoka haraka kumwita daktari. Daktari akaja, akapima, akasema hakuna kungoja uchungu, ni upasuaji sasa hivi. Shadia akawekwa kwenye kitanda cha magurudumu. Alipopitishwa mbele yangu akanishika ushungi, akauachia.

Tukabaki kwenye benchi la nje, mimi na Bi Tunu. Jua lilikuwa bado kali. Wakwe hawakai hivyo, bega kwa bega, mmoja kalegea juu ya mwenzake, lakini nani angetukataza? Nikasoma dua nilizozijua, yeye akasoma zake, tukachanganya. Kuna wakati akaniambia, "Mkwe, sema chochote. Wewe ni msemaji." Nikamwambia sina la kusema.

Halafu tukasikia. Kwanza kama mlango unaolia, hafifu, nikamtazama Bi Tunu kuhakikisha kama na yeye kasikia. Halafu mara ya pili, kubwa, kali, ya mtu aliyeonewa na anayetaka kila mtu ajue. Bi Tunu akaruka kutoka kwenye benchi. Nesi akachungulia mlangoni akauliza kanga za mtoto ziko wapi, na sisi hatukuwa na kitu, hata kitambaa kimoja, si tuliweka sheria! Tukafungua kanga tulizojitanda, mimi na yeye kwa pamoja, tukamrushia, nesi akacheka akasema moja inatosha. Daktari alipotoka alituambia kitovu kilikuwa kimemzonga shingoni, na kwamba tumefika kwa wakati. Hilo "kwa wakati" nimelibeba mpaka leo.

Walituruhusu kumwona Shadia baadaye, mmoja mmoja. Bi Tunu alikuwa amemshika mtoto kule chumba kingine, hataki kumwachia hata kidogo, kwa hiyo nikaingia mimi. Dawa ya usingizi ilikuwa inamwachia. Midomo imekauka, macho yanafunguka na kufumba. Akanitambua. Akatazama pembeni ya kitanda, upande huu, kisha upande ule, na hapakuwa na kitu. Akanirudishia macho. Akafungua kinywa, akakifunga.

Nakijua kimya kile, nimeishi nacho miezi yote hii. Sikumwacha akae nacho hata kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

"Yupo," nikamwambia. "Wa kike. Yuko na bibi yake chumba kile, analia anagomba, amechukua mdomo wangu. Yupo, mwanangu. Yupo."